Kitabu Kilichofungwa: Uhakiki wa Usomaji wa Maandishi ya Wahamishwa wa Kampuni ya Kiholanzi katika Rasi ya Tumaini Jema

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna maandishi ya wahamishwa wa kisiasa waliopelekwa Ceylon na Rasi ya Tumaini Jema na Kampuni ya Kiholanzi ya Uhindi Mashariki yalivyosomwa, na namna yalivyoachwa bila kusomwa. Yanajikita katika tasnifu za Sheikh Yusuf wa Makassar na kitabu cha Imamu Abdullah bin Kadhi Abdussalam wa Tidore, maarufu kwa jina la Tuan Guru. Hoja kuu ni kwamba adhabu ya uhamisho ilikusudia kumtenga msemaji na wasikilizaji wake. Kwa hiyo siasa ya maandishi haya isitafutwe kwanza katika malalamiko, bali katika umbo lake la kufundishia, ambalo liliumba wasikilizaji wapya mahali ambapo Kampuni ilitarajia kimya. Makala yanahitimisha kwa kuonesha wajibu wa wataalamu wa Kiswahili na washauri wa sera katika kuvisoma na kuvitunza vitabu vya namna hii.

Utangulizi

Jina la Sheikh Yusuf halihitaji tena kutambulishwa katika Indonesia wala Afrika Kusini. Mwaka 1995 Indonesia ilimtangaza kuwa shujaa wa taifa. Mwaka 2005 Afrika Kusini ikamtunuku, zaidi ya karne tatu baada ya kifo chake, nishani inayobeba jina la Oliver Tambo. Anayo makaburi mawili yanayozuriwa, moja karibu na Cape Town katika sehemu iitwayo Macassar, jingine Lakiung katika nchi ya Gowa, ambako inaelezwa kuwa mabaki yake yalirejeshwa mwaka 1705. Tuan Guru naye anakumbukwa kwa kaburi lake katika makaburi ya Tana Baru, na kwa Msahafu ambao inaelezwa aliuandika kwa kuhifadhi moyoni alipokuwa mfungwa katika Kisiwa cha Robben.

Katika heshima zote hizo, kitu kimoja hakionekani sana: kile ambacho watu hawa walikiandika. Msahafu unatazamwa nyuma ya kioo. Kaburi linafunikwa kwa shuka. Tasnifu na vitabu vya masomo hutajwa kwa majina tu, kama ushahidi kwamba marehemu alikuwa msomi, kisha mazungumzo huhamia kwingine. Swali linaloongoza makala haya ni hili: mhakiki anapokifungua kitabu cha mhamishwa, anapaswa kutafuta nini ndani yake?

Mfumo wa uhamisho na daftari lake

Kampuni ya Kiholanzi iliyakusanya makao yake makubwa katika mji wa Batavia, ambao leo ni Jakarta, na kutoka hapo ikatawala mtandao wa bandari uliofika hadi Rasi ya Tumaini Jema, ilikoweka kituo mwaka 1652. Kerry Ward, katika kitabu chake Networks of Empire (2009), ameonesha kuwa mtandao huo haukusafirisha viungo na nguo peke yake. Ulisafirisha pia watu kwa nguvu: watumwa, wafungwa wa makosa ya jinai, na wakuu au wanazuoni ambao uwepo wao nyumbani ulihatarisha maslahi ya Kampuni.

Mantiki ya adhabu hii ni ya kisiasa. Mfalme au sheikh akiuawa, kifo chake huweza kuwa sababu ya vita vipya. Akifungwa karibu, watu wake hukusanyika nje ya gereza. Akivukishwa bahari, hubaki hai bila kusikika. Uhamisho ulikuwa, kwa maneno mengine, adhabu ya kumkata mtu ulimi pasipo kutumia kisu. Kampuni haikujali sana mhamishwa alifikiri nini. Ilijali nani angemsikia.

Daftari la Kampuni lilikamilisha kazi hiyo. Rasini, jina la Tuan Guru limo katika orodha ya wafungwa, pamoja na watu waliohukumiwa kwa wizi na makosa mengine. Orodha hutoa jina, tarehe na mahali mtu alikotoka. Haitoi nasaba ya elimu, wala idadi ya wanafunzi, wala sababu iliyowafanya watu wamfuate. Mtafiti anayeanzia katika daftari hilo peke yake hurithi kimya chake, hata akiwa na nia njema kabisa.

Namna tatu za kukipita kitabu

Katika usomaji uliozoeleka wa habari za wahamishwa hawa, mielekeo mitatu inajitokeza. Kila mmoja una manufaa yake, na kila mmoja unakipita kitabu bila kukifungua.

Mwelekeo wa kwanza ni wa kikabila. Mfano wake ulio wazi ni The Cape Malays (1944) cha I. D. du Plessis, mshairi na mtaalamu wa Kiafrikana. Kitabu hicho kilikusanya nyimbo, desturi na ufundi wa Waislamu wa Cape Town na kuviweka chini ya jina moja la Wamalei. Watu ambao wazazi wao walitoka Bengali, Java, Sulawesi, Madagaska na pwani ya mashariki ya Afrika wakapewa sura moja ya kupendeza, ya watu watulivu wenye nguo za rangi na vyakula vitamu. Sura hiyo haikubaki vitabuni. Baada ya sheria ya uandikishaji wa watu ya mwaka 1950, dola ya ubaguzi ililifanya jina hilo kuwa kundi rasmi, na mtu akaambiwa mahali pa kuishi kwa mujibu wake. Hapa inaonekana kwamba usomaji mbaya si kosa la darasani tu. Usomaji mbaya unaweza kuwa sheria.

Mwelekeo wa pili ni wa karama. Inasimuliwa kuwa maji ya kunywa yalipokwisha melini, Sheikh Yusuf aliyageuza maji ya bahari yakawa matamu. Inasimuliwa pia kuwa makaburi ya mawalii yameizunguka Cape Town kama duara la ulinzi. Masimulizi haya ni fasihi simulizi ya jamii, na yanastahili kuheshimiwa na kuchambuliwa kama fasihi. Hata hivyo, walii wa masimulizi hana haja ya kalamu. Akipewa muujiza, hanyimwi heshima, lakini ananyimwa hoja.

Mwelekeo wa tatu ni wa kitaifa. Huu humsoma mhamishwa kama mtangulizi wa mapambano ya karne ya 20, na Kisiwa cha Robben unausaidia sana: Tuan Guru na wafungwa wa kisiasa wa zama za ubaguzi wanakutana katika kisiwa kimoja. Ulinganisho huo una ukweli ndani yake, lakini unaelekea kutafuta katika maandishi ya karne ya 18 lugha ya upinzani ya karne ya 20. Usipoiona, hukifunga kitabu na kusema kuwa ni cha dini tu.

Tasnifu za Ceylon

Sheikh Yusuf alizaliwa Gowa mwaka 1626 na kuondoka kwao mwaka 1644 kwenda kutafuta elimu, akasoma Yemen, Makka, Madina na Damaski. Aliporudi alikaa Banten, katika Java ya magharibi, kwenye utawala wa Sultani Ageng Tirtayasa. Mgogoro ulipozuka kati ya sultani huyo na mwanawe, Kampuni ilimuunga mkono mwana. Yusuf alipigana upande wa baba, akakamatwa mwaka 1683, na mwaka uliofuata akapelekwa Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka.

Huko Kampuni ilifanya kosa la kijiografia. Ceylon ilikuwa njiani mwa meli. Mahujaji waliotoka visiwani kwenda Makka na kurudi walipita hapo, na miongoni mwao walikuwamo waliomjua sheikh au waliotaka kumjua. Maandishi yake yalisafiri mikononi mwao hadi Gowa na Banten. Miaka kumi baadaye, mwaka 1694, aliondolewa Ceylon na kupelekwa Rasini kwa meli iliyoitwa Voetboog, yeye na watu 49 wa jamaa na wafuasi wake. Aliwekwa katika shamba la Zandvliet, mbali na mji, na huko akafariki mwaka 1699. Kuhamishwa mara ya pili ni hukumu ambayo Kampuni yenyewe iliitoa juu ya maandishi yake: yalikuwa yakisomwa.

Msomaji anayetafuta ghadhabu dhidi ya Waholanzi katika tasnifu hizo atachoka. Anachokuta ni mafundisho ya tarika: uhusiano wa mja na Mola wake, adabu ya kudhukuru, wajibu wa kuishika sharia na hakika kwa pamoja. Moja kati yake, Safinat al-Najah, inataja silsila za walimu ambao mwandishi alipokea kwao tarika mbalimbali. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki asiichanganye na Safina inayosomeshwa katika vyuo vya Lamu, Mombasa na Unguja. Hiyo ni kazi ya Salim bin Sumayr, Mhadhrami wa karne ya 19. Lakini mgongano wa majina una funzo lake, kwa kuwa mwandishi wa Safina ya vyuoni naye aliishi na kufariki Batavia. Bahari iliyotumiwa na Kampuni kutenganisha watu ndiyo iliyotumiwa na vitabu kuwaunganisha.

Silsila isisomwe kama pambo. Mtu aliyetolewa kwao, aliyeandikwa katika daftari la mfungaji kama jina lisilo na watu, anaandika mlolongo wa majina: huyu alipokea kwa huyu, naye kwa huyu, hadi mwanzo wa mapokezi. Kisha anauweka mlolongo huo mkononi mwa mwanafunzi ili uendelee. Hapa kuna orodha mbili zinazopingana. Orodha ya Kampuni inamkata mtu. Orodha ya tarika inamuunga. Siasa ya tasnifu iko katika umbo hili, wala haihitaji neno hata moja dhidi ya Batavia. Anwani nayo inasema jambo: tasnifu nyingine ya Yusuf, al-Nafhat al-Saylaniyya, imekibeba kisiwa cha kifungo katika jina lake. Kisiwa kilichokusudiwa kuwa mahali pa kusahauliwa kimefanywa chanzo cha upepo mwema unaovuma kwenda kwa wengine.

Kitabu cha Kisiwa cha Robben

Tuan Guru aliletwa Rasini mwaka 1780 pamoja na wenzake kutoka visiwa vya Maluku, wakishukiwa kushirikiana na Waingereza. Jina alilopewa na wanafunzi wake ni la Kimalei na maana yake ni Bwana Mwalimu. Mwaka 1781, akiwa kifungoni, alikamilisha kitabu cha kurasa zipatazo 600 kiitwacho Ma'rifat al-Islam wa al-Iman. Sehemu yake kubwa ni tauhidi kwa mujibu wa mafundisho ya Sanusi, na ndani yake mna pia fikihi, dua na hirizi. Kimeandikwa kwa Kiarabu na Kimalei, hati ikiwa moja ya Kiarabu.

Mambo matatu ya umbo yanahitaji kuzingatiwa. La kwanza ni mpangilio wa lugha mbili: tamko la Kiarabu likifuatwa na maelezo ya Kimalei. Mwandishi aliyejiandikia nafsi yake asingehitaji tafsiri. Kila mstari wa Kimalei ni dalili ya msomaji aliyekusudiwa, mtu ambaye Kiarabu chake hakitoshi. Kitabu kilianza kuwa na darasa kabla darasa halijakuwapo.

La pili ni idadi. Mafundisho ya Sanusi humpangia mwanafunzi sifa ishirini za Mwenyezi Mungu pamoja na vinyume vyake. Mpangilio huu hufaa kuhifadhiwa kwa sauti, hata na mtu asiyejua kusoma, baada ya kazi za mchana. Rasini, ambako wanafunzi wengi walikuwa watumwa na watu huru waliotokana na watumwa, elimu iliyoweza kubebwa kichwani ilikuwa mali ambayo haikuweza kupigwa mnada.

La tatu ni hirizi na dua, sehemu ambayo wasomaji wa kisasa huiona haya. Kuiruka ni kumruka msomaji wa wakati ule. Mtu asiyemiliki mwili wake wala watoto wake alihitaji kinga, na mwalimu hakumtenga kwa sababu hiyo. Mchanganyiko wa tauhidi na hirizi katika jalada moja unaonesha kuwa kitabu kiliijua jamii yake.

Alipotolewa kisiwani, Tuan Guru alianzisha chuo mwaka 1793 katika mtaa wa Dorp, na katika miaka hiyohiyo ya 1790 msikiti wa Auwal ukaanza mtaani hapo. Ruhusa ya kisheria ya ibada ya hadhara haikuja hadi mwaka 1804. Kwa hiyo chuo kilitangulia sheria. Wanafunzi waliandika masomo yao katika madaftari, na vizazi vilivyofuata, Kimalei kilipofifia, viliendelea na utaratibu uleule kwa lugha iliyosemwa nyumbani, yaani Kiafrikana, kwa hati ya Kiarabu. Mwaka 1877 kitabu cha Abu Bakr Effendi, Bayan al-Din, kilichapishwa Istanbul kwa Kiafrikana cha hati hiyo. Achmat Davids, aliyechunguza maandishi haya kwa kina, ameifanya isiwezekane tena kusimulia historia ya Kiafrikana kana kwamba ni kazi ya wazungu peke yao. Matokeo haya yalipatikana kwa kufungua vitabu.

Kipingamizi

Hoja ya makala haya inaweza kupingwa kwa njia mbili. Kwanza, umbo la kufundishia halithibitishi kwamba watu walifundishika. Kitabu cha kurasa 600 kinaweza kuandikwa na kisisomwe na mtu. Kipingamizi hiki ni cha haki, na ndiyo sababu madaftari ya wanafunzi yana uzito sawa na kitabu cha mwalimu. Pasipo madaftari hayo, hoja ingebaki dhana.

Pili, wako wahamishwa waliosema juu ya nafsi zao kinagaubaga. Mwanamfalme Diponegoro, aliyepigana na Waholanzi katika vita vya Java vya 1825 hadi 1830, alikamatwa katika mazungumzo na kupelekwa Manado, kisha Makassar, alikofariki mwaka 1855. Akiwa Manado, katika miaka ya 1831 na 1832, alitunga tendi ndefu ya maisha yake kwa Kijava, iliyoingizwa na UNESCO mwaka 2013 katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia. Hapa mhamishwa ndiye mhusika mkuu. Lakini hata tendi hiyo haikuishia katika kujieleza. Inafungamanisha maisha ya mtunzi na historia ya Java na unabii wake, na kumpa msikilizaji wa Kijava nafasi ya kuihukumu vita. Tofauti iliyopo ni ya utanzu. Swali la msikilizaji ni lilelile.

Maana yake kwa uhakiki wa Kiswahili na kwa sera

Uhakiki wa Kiswahili una mazoea yake kuhusu fasihi ya kifungoni. Tangu Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla ilipochapishwa mwaka 1973, matunda ya kifungo chake kilichoanza mwaka 1969, mhakiki amejifunza kusikiliza sauti ya nafsi inayoteseka na isiyokubali kunyamazishwa. Mazoea hayo yamezaa matunda. Hata hivyo yakigeuzwa kuwa kipimo cha pekee, yataviacha nje vitabu ambavyo mateso yake yamo katika mazingira ya kuandikwa, si katika maneno yaliyoandikwa.

Wakati huohuo, wataalamu wa Kiswahili wana zana ambazo wengine hawana. Mtu aliyesoma Hamziya kwa mpangilio wake, ubeti wa Kiarabu na chini yake wa Kiswahili, hatashangazwa na ukurasa wa Tuan Guru. Aliyezoea kusoma Kiswahili kwa hati ya Kiarabu, hati isiyoandika kila sauti, anajua tayari matatizo ya kusoma Kimalei au Kiafrikana kwa hati hiyo. Fasihi linganishi katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki ingefaa kuanzia hapa, badala ya kuanzia kila mara katika tamthilia za Ulaya.

Kwa washauri wa sera, mambo matatu yanafuata. Kwanza, miswada ya aina hii iliishi kwa sababu familia na misikiti iliitunza. Mpango wowote wa hifadhi uanze kwa kuwatambua watunzaji hao kama wabia, wabaki na miswada yao, na nakala za kidijitali zitolewe kwa ridhaa yao. Pili, fedha ya urithi isiishie kwenye kaburi na kibao. Uhariri na tafsiri ya kitabu kimoja ni ukumbusho unaodumu kuliko jiwe. Tatu, eneo hili lina wahamishwa wake. Mwanga wa Buganda na Kabalega wa Bunyoro walipelekwa Shelisheli na Waingereza mwaka 1899; Khalid bin Barghash wa Unguja naye alipitishwa Shelisheli na Mtakatifu Helena kabla ya kufariki Mombasa mwaka 1927. Shule zinafundisha tarehe za kuondolewa kwao. Swali la waliandika nini, kwa nani, na kwa lugha gani, lipewe nafasi katika mitaala na katika mipango ya utafiti.

Hitimisho

Makala haya yamedai kwamba maandishi ya wahamishwa wa Kampuni ya Kiholanzi yamefungwa mara mbili: mara ya kwanza pamoja na waandishi wake, mara ya pili na wasomaji waliowatukuza waandishi bila kuwasoma. Kampuni iliujua uzito wa vitabu hivyo kuliko wengi waliokuja baadaye, ndiyo maana ilimwondoa Yusuf Ceylon. Kipimo cha uhakiki kilichopendekezwa ni kimoja: mbele ya kila ukurasa, mhakiki aulize ni msikilizaji yupi anayeumbwa hapa, na kwa njia gani. Kwa kipimo hicho silsila, tafsiri ya chini ya mstari na orodha ya sifa ishirini vinaacha kuwa mambo ya chuoni tu. Vinakuwa kumbukumbu ya namna watu walionyang'anywa nchi, jina na uhuru walivyojipatia tena jamaa ya kusoma pamoja nao.